Kabla ya Kumfundisha Mwalimu Kuona, Mtafutie Pa Kumpeleka Mtoto

Nilipoombwa kujiunga na timu ya kuwafundisha walimu wa shule za msingi namna ya kuwasaidia watoto wenye matatizo ya afya ya akili, nilikuwa nimefundisha darasani kwa miaka mingi na kufanya unasihi kwa miaka michache, na mtaala wa mafunzo niliukuta umekwisha kuandikwa. Uliandikwa na watu wa hospitali, na hilo lilionekana tangu ukurasa wa kwanza: sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na dalili zake, wasiwasi uliopitiliza na dalili zake, kiwewe, usonji, tatizo la kukosa umakini, kila kimoja na aya zake za ufafanuzi. Hakukuwa na uongo humo. Ila mwalimu mwenye darasa lililofurika, madaftari yasiyosahihishwa mezani na mtihani wa muhula unaobisha hodi, hakuambiwa popote afanye nini asubuhi atakaporudi kazini.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu yeyote atakayepewa kazi kama hiyo, awe mkufunzi, mratibu wa mradi au mwalimu mkuu anayetaka kuleta mafunzo shuleni kwake, ili asitumie muhula mzima na fedha za watu kugundua mambo ambayo wengine wamekwisha kuyagundua kwa uchungu.

Haja ya mafunzo yenyewe haina ubishi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na uchambuzi uliokusanya tafiti 192 kutoka sehemu mbalimbali za dunia ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya matatizo hayo huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14. Maana yake ni kwamba mengi huanza wakati mtoto bado yuko shule ya msingi, na mtu mzima anayemwona kwa saa nyingi kuliko wote, ukiwatoa wa nyumbani kwao, ni mwalimu wake.

Kundi la kwanza la walimu lilifurahia mafunzo. Jaribio la mwanzo na la mwisho lilionyesha kuwa maarifa yamepanda, vyeti vikatolewa, picha ya pamoja ikapigwa, ripoti ikaandikwa. Matokeo halisi yalianza kutufikia shule zilipofunguliwa. Mwalimu mmoja alikuwa ameorodhesha karibu nusu ya darasa lake kuwa na sonona. Mwingine alimwambia mama mmoja getini, wazazi wengine wakisikia, kwamba mwanawe ana usonji, kwa kuwa mtoto hageuki anapoitwa na hachezi na wenzake. Mtoto yule alipopimwa alikutwa na maambukizi ya muda mrefu ya masikio. Alikuwa hasikii vizuri. Mama alimhamisha shule, nami sioni wa kumlaumu mama huyo.

Tangu hapo kuna kanuni ninayoitaja mapema kabisa katika kila mafunzo: mwalimu hatoi jina la ugonjwa, iwe kwa mzazi, kwa mwalimu mwenzake au kwenye daftari. Kabla ya kuifikiria akili ya mtoto, afikirie kwanza macho, masikio, njaa na usingizi. Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, macho yamekodoka, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kurudia hivyo mara nyingi kwa siku, huenda ana aina ya kifafa isiyo na kuanguka wala mitukutiko, na kumgombeza kwamba anaota mchana hakumsaidii chochote. Huyo anahitaji daktari, na ripoti nzuri ya mwalimu inaweza kumfikisha kwa daktari mapema.

Hata hivyo, kilichotuumiza zaidi kilikuwa rufaa. Walimu wengi walifanya kile tulichowaambia: waliona, waliandika barua, wakawaelekeza wazazi kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Huko mtoto anayelalamika tumbo kila asubuhi ya siku ya shule alipewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, kwa sababu mhudumu wa zamu hakuwa amefunzwa lolote kuhusu watoto na hofu. Wazazi wengine hawakwenda kabisa, kwani safari ingewagharimu kibarua cha siku nzima, na barua yenyewe haikueleza wanakwenda kufanya nini. Mwalimu mmoja wa kike, mtulivu sana, alinieleza kwa maneno ambayo sikuweza kuyajibu: “Mlinifundisha kuona. Sasa naona kila siku, na sina pa kumpeleka mtoto.” Alikuwa amepoteza hamu ya kazi kuliko alivyokuwa kabla hatujamfundisha.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hali hiyo haikuwa yetu peke yetu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika shule 168 za nchi kumi za Ulaya na kuhusisha wanafunzi zaidi ya 11,000 wenye umri wa karibu miaka 15, ulijaribu njia kadhaa za kuzuia majaribio ya kujiua. Mojawapo ilikuwa kuwafunza walimu kutambua dalili na kuwaelekeza wanafunzi kwenye msaada. Baada ya mwaka mmoja njia hiyo haikuonyesha tofauti ya maana ukiilinganisha na shule zilizobandikiwa mabango tu, ilhali programu iliyozungumza na wanafunzi wenyewe ilileta nafuu. Katika jimbo la Bihar nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha programu moja ikiendeshwa na washauri wa kawaida, wasio wataalamu wa afya ya akili, walioajiriwa kwa kazi hiyo, na programu hiyo hiyo ikiendeshwa na walimu wa shule. Palipokuwa na washauri, mazingira ya shule na hali ya wanafunzi viliboreka. Palipokuwa na walimu, matokeo hayakuonekana. Tafiti hizo mbili zilihusu vijana wa sekondari, na mtoto wa darasa la tatu si kijana wa miaka 15, lakini onyo lake linatuhusu. Mwalimu aliyeongezewa mzigo bila kupunguziwa mwingine, na bila mtu nyuma yake wa kupokea anachokigundua, hawezi kuleta badiliko hata awe na moyo kiasi gani.

Kwa hiyo tuligeuza mpangilio. Sasa sikubali kuanza mafunzo ya walimu kabla hatujajua, kwa kila shule, mtoto anapelekwa wapi. Sisemi jina la taasisi kwenye karatasi. Ninamaanisha mtu: nani anapokea, siku gani yupo, anahudumia watoto wa umri gani, mzazi atadaiwa nini, na nani anapigiwa simu jambo likiwa la dharura. Kisha mmoja wetu anapiga simu hizo kweli. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kupamba ripoti, lakini ndiyo iliyotuonyesha kwamba namba kadhaa kwenye orodha tuliyopewa zilikuwa hazipatikani, na kwamba mtu mmoja aliyetajwa kama mnasihi wa watoto alikuwa amehama zamani. Mahali ambapo hapana mtaalamu kabisa, tunakubaliana na afisa wa ustawi wa jamii au muuguzi aliye tayari, tunamfunza huyo kwanza, na tunamtafutia daktari wa kumuuliza kwa simu.

Baada ya njia ya rufaa wanafuata walimu wakuu, nao tunakutana nao peke yao. Mwalimu mkuu asiyeelewa jambo hili ana uwezo wa kulizima kwa sentensi moja tu, “Rudi darasani, hayo ni mambo ya wazazi wao.” Kwake tunaomba mambo machache yaliyo wazi: chumba au kona ambayo mtoto anaweza kuongea bila kusikika, mtu wa kushika darasa mwalimu anapotoka, na walimu wawili wa kufunzwa badala ya mmoja. La wawili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwalimu aliyefunzwa peke yake huhamishwa au hupandishwa cheo, na shule inabaki mikono mitupu. Tena akiwa peke yake hana wa kushauriana naye bila kuvunja siri ya mtoto.

Mafunzo yenyewe yamekuwa mafupi kuliko yalivyokuwa. Uti wake ni hatua tatu za huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambazo Shirika la Afya Duniani na washirika wake walizitolea mwongozo mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Mwongozo huo ulikusudiwa watu waliokumbwa na maafa, lakini mpangilio wake unamfaa mwalimu kwa kuwa haumtaki awe tabibu.

Kuangalia kunafundishwa kwa daftari. Tunampa kila mshiriki karatasi na kumwomba aandike kuhusu mtoto mmoja anayemtia wasiwasi, bila kumtaja jina. Karibu wote huandika hukumu: mvivu, hajali, mkorofi, amedekezwa. Kisha tunawaomba waandike upya kile ambacho kamera ingekiona, pamoja na saa na mara ngapi. “Mvivu” anageuka kuwa “amelala vipindi viwili vya kwanza, siku tatu za wiki hii, na baada ya mapumziko yuko macho.” “Mkorofi” anageuka kuwa “amempiga mwenzake mara mbili, mara zote wakati wa kupanga mstari wa kurudi nyumbani.” Chumba hunyamaza hapo, maana sentensi ya pili inamlazimisha aliyeiandika kuuliza kuna nini nyumbani. Ukiniuliza zoezi gani nisingekubali liondolewe hata muda ukibana, nitakutajia hili.

Katika hatua hiyo hiyo tunawakumbusha kuwa mtoto mdogo mara chache husema ana huzuni. Mwili wake ndio unaosema: tumbo, kichwa, kujikojolea wakati alikwisha kuacha, kushindwa kutengana na mama getini, hasira ya ghafla, alama zinazoporomoka bila sababu inayoonekana. Tunawakumbusha pia watoto wasiosumbua. Walimu huleta majina ya watundu, wengi wao wavulana, na kumsahau msichana anayekaa kimya dawati la nyuma, anayefuta na kufuta jibu lake mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu hajawahi kumpotezea mtu dakika moja ya somo.

Kuna dodoso ambalo miradi mingi hulipenda, lenye kauli 25 kuhusu nguvu na matatizo ya mtoto, lililotungwa na Robert Goodman na kuchapishwa mwaka 1997. Ni chombo kizuri na mwalimu anaweza kulijaza. Lakini ukimwagiza alijaze kwa darasa zima, atalijaza jioni moja huku amechoka, na utapokea kurasa ambazo alama ya vema imeshuka safu moja kuanzia juu mpaka chini. Sisi tunalitumia kwa mtoto ambaye tayari ana maandishi ya siku kadhaa kwenye daftari, na majibu yake yanakwenda kwa mnasihi kama nyongeza ya maelezo, bila kuitwa vipimo.

Kusikiliza hakufundishwi kwa hotuba. Tunatumia igizo dhima, na igizo tunalolirudia kuliko yote linaanza na mshiriki anayecheza mtoto akisema, “Mwalimu, nikikwambia usimwambie mtu.” Karibu kila mwalimu hujibu haraka, kwa wema kabisa, “Sitamwambia mtu.” Tunasimamisha igizo hapo. Mtoto akiendelea kueleza kuwa anapigwa au anaguswa asipotakiwa kuguswa, ahadi hiyo itamlazimu mwalimu ama kunyamaza na kumwacha hatarini, ama kuivunja na kumfundisha mtoto kuwa watu wazima hawaaminiki. Tunafanya mazoezi ya jibu jingine mpaka litoke mdomoni bila kusoma: “Sitalitangaza. Kama ni jambo linaloweza kukudhuru, nitamwambia mtu mmoja anayeweza kutusaidia, na kabla sijamwambia nitakueleza ni nani.” Baada ya hapo mwalimu hanyunyizi maswali ya uchunguzi, hasemi “kwa nini hukupiga kelele”, wala hamtaki mtoto arudie maelezo mbele ya mwalimu wa pili. Anaandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, anaweka tarehe, na siku hiyo hiyo anamfikishia anayehusika. Kama mwanafunzi ametaja kutaka kufa, haachwi peke yake hata kwa muda wa kwenda kumwita mwalimu mwingine; anatumwa mtu. Wengi huogopa kwamba kumuuliza mtoto waziwazi kuhusu jambo hilo ni kumpandikizia wazo. Tafiti zilizochunguza hofu hiyo hazikuikuta na ushahidi, na mtoto aliyebeba wazo hilo mara nyingi hupata ahueni kuulizwa na mtu asiyetaharuki.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni cha adhabu. Sijawahi kukiendesha bila sauti kupanda. Kuna mwalimu atakayesimama na kusema alichapwa na leo ni mtu mzima mwenye kazi, na nusu ya chumba itampigia makofi. Nimejifunza kutojibu kwa vifungu vya sheria, ijapokuwa vipo: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili akiwa chini ya uangalizi wa mtu yeyote, na ufafanuzi wa kamati yake wa mwaka 2006 unaitaja adhabu ya viboko waziwazi. Ninauliza badala yake: mtoto ambaye jana ulimchapa mbele ya darasa, leo akipatwa na jambo la aibu, atakuja kukueleza wewe? Mafunzo haya yote yanategemea mtoto kumsogelea mwalimu, na fimbo inamfukuza. Halafu ninawaeleza kuhusu utafiti wa shule 42 za msingi nchini Uganda, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015. Shule nzima zilishirikishwa, pamoja na wanafunzi na uongozi, na baada ya miezi 18 wanafunzi waliosema walifanyiwa ukatili wa mwili na wafanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, wakati katika shule za kulinganisha walikuwa karibu asilimia 49. Mtu anayesikia asilimia 31 na kufurahi sana ajue kwamba bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Kazi hiyo haiishi kwa warsha.

Jambo ambalo hakuna mtaala ulionitayarishia ni machozi ya walimu wenyewe. Ukizungumza mchana kutwa kuhusu mtoto aliyefiwa, aliyepigwa, aliyeachwa, kuna mtu mzima chumbani ambaye alikuwa mtoto huyo. Mwalimu mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akitaniana na kila mtu tangu asubuhi, alitoka katikati ya igizo na tukamkuta nje ameegemea ukuta, hawezi kusema. Kwa bahati tulikuwa na mnasihi wa pili asiye na zamu ya kufundisha, akakaa naye. Mtu huyo wa pili usimwondoe kwenye bajeti. Waeleze washiriki tangu mwanzo kuwa ruhusa ya kutoka ipo bila maelezo, usimlazimishe mtu kucheza nafasi ya mtoto, na usiwaombe watu wasimulie maisha yao kama sehemu ya somo. Mwezeshaji naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye jioni. Mimi nilichelewa kulikubali hilo, nikawa naamka usiku na visa vya watoto nisiowajua.

Kuhusu wazazi nina machache. Waitwe mapema, kwa jambo jema kwanza ikiwezekana, na wazungumzwe nao kwa kile kilichoonekana: siku, saa, kitendo. “Nimeona hali chakula wakati wa mapumziko tangu wiki iliyopita, nyumbani mnaona nini?” inafungua mazungumzo. Isipokuwa pale ambapo maelezo ya mtoto yanamgusa mtu wa nyumbani kwake, maana hapo kumwita mzazi kabla ya afisa wa ustawi wa jamii kunaweza kumweka mtoto pabaya zaidi usiku uleule. Tofauti hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wa shule.

Daftari lenye maelezo ya mtoto lina mahali pake: droo yenye ufunguo ya mwalimu wa unasihi, si meza ya ofisi ya walimu ambako kila anayepita hutupia jicho.

Baada ya mafunzo tunazitembelea shule, na ziara hizo ndizo zinazobadilisha mambo. Mkufunzi anakaa na walimu wale wawili, wanafungua daftari, wanazungumzia mtoto mmoja au wawili kwa kina: nini kilionekana, nani alipokea, mtoto alirudi na maelekezo gani, mwalimu afanye nini darasani wakati matibabu yanaendelea. Mara nyingi la kufanya ni dogo, kama kumhamishia dawati karibu na mlango, kumwonya mapema kabla ya ratiba kubadilika, kumpa kazi ya kugawa madaftari ili apate sababu ya kusimama, au kutomwita kusoma kwa sauti mbele ya wenzake mpaka atakapokuwa tayari. Mafanikio mengi niliyoyashuhudia kwa macho yangu yalitokana na mambo ya namna hiyo, ambayo mwalimu anaweza kuyafanya bila kutoka nje ya kazi yake.

Ziara hizo zinakula fedha, na kiasi kinachotosha kufundisha walimu wengi mara moja kinatosha walimu wachache tu wanaofuatiliwa kwa mwaka mzima. Wafadhili hulalamika kwamba idadi ya waliofunzwa imeshuka. Ni kweli imeshuka. Ninaiandika kwenye ripoti jinsi ilivyo, na chini yake ninaandika idadi ya watoto waliofika kwa mnasihi, na ya waliorudi kwake mara ya pili.